Mbwa Aumaye Watu: Sababu za Ukali Wake na Njia za Kumtuliza

Watu wengi wa mashambani na wa mijini hufuga mbwa. Mkulima humfuga ili awaamshe watu wa nyumba mwizi ajapo. Mchungaji humfuga awe mwenziwe machungani. Na mtu wa mjini humfuga alinde nyumba wakati mwenyewe yuko kazini. Katika hayo hakuna ubaya. Lakini kila mwaka watu huumwa na mbwa, na wengi wao ni watoto. Tena mara nyingi mbwa aliyeuma si mbwa mgeni asiyejulikana atokako, bali ni mbwa wa jirani, au hata mbwa wa nyumba ile ile.

Katika somo hili tutaeleza sababu zinazomfanya mbwa awe mkali, dalili zinazoonyesha kwamba yu karibu kuuma, njia za kumlea na kumzuia, na mambo ya kufanya kama ameuma. Twamwomba msomaji asome mpaka mwisho, kwa kuwa sehemu ya mwisho yaweza kuokoa maisha ya mtoto wake.

MFANO WA BOMA MOJA

Tuanze na mfano. Tuseme kwamba katika kijiji kimoja yuko mzee mwenye mbwa dume aitwaye Simba. Mchana kutwa Simba hufungwa kwa mnyororo mfupi chini ya mti, nyuma ya ghala. Watoto wapitao kwenda shule humrushia mawe na kumcheka, kwa sababu wajua hawezi kuwafikia. Chakula chake ni makombo ya ugali, na siku nyingine hapati kitu. Mzee hujivuna mbele ya wenziwe akisema, "Mbwa wangu ni mkali kweli kweli. Hakuna mgeni athubutuye kuingia kwangu."

Jioni moja msichana wa miaka saba, binti wa jirani, anatumwa na mama yake kwenda kuomba chumvi. Siku hiyo pete ya mnyororo imekatika. Mtoto anamwona mbwa yuko huru, anapiga yowe na kukimbia. Simba anamfuata, anamwangusha, na kumuuma mkono na shavu. Baba wa mtoto anakuja mbio na panga ili amwue mbwa. Mzee naye anatoka na fimbo kumtetea mbwa wake. Majirani wawili waliosaidiana tangu ujana wao wako karibu kumwaga damu kwa ajili ya mnyama.

Kwa bahati njema bibi mmoja, aliyepata kusikia mafundisho juu ya kichaa cha mbwa, anawapigia kelele, "Wanangu, wekeni chini panga na fimbo! Kwanza leteni sabuni na maji!" Maneno ya bibi huyo yalikuwa ya busara sana, nasi tutaona sababu yake baadaye.

Kesho yake daktari wa mifugo anafika bomani. Mazungumzo yao ni haya:

"Hodi, mzee."

"Karibu, daktari. Nimefadhaika sana. Mbwa huyu hajapata kuuma mtu. Ukali huu umeanza jana tu."

"Pole, mzee wangu. Lakini hebu niambie, zamani alikuwa akinguruma watu wakikaribia?"

"Alinguruma sana. Nikamtia fimbo mpaka akaacha. Siku hizi hangurumi hata kidogo."

"Ulimleta hapa akiwa na umri gani?"

"Alikuwa na miezi mitano. Alizaliwa ndani ya ghala la mtu mmoja, wala hakuwa akitolewa nje."

"Na chanjo ya kichaa amepata?"

Mzee akatazama chini, asijibu.

Msomaji, yatafakari majibu hayo. Mzee alidhani ukali wa Simba ulianza jana. Kwa kweli ulianza siku mbwa alipokuwa mdogo, ukaongezwa kila siku kwa mnyororo, kwa mawe, kwa njaa na kwa fimbo. Jana ulionekana tu.

KWA NINI MBWA HUUMA

Mbwa haumi pasipo sababu. Twaweza tusiione sababu hiyo, lakini iko. Zilizo kubwa ni hizi:

1. Hofu. Hii ndiyo sababu iliyo ya kawaida kupita zote. Watu hudhani mbwa mkali ni mbwa shujaa; mara nyingi ni mbwa mwoga. Mnyama mwenye hofu ana njia mbili, kukimbia au kupigana. Ukimfunga kwa mnyororo mfupi umemwondolea njia ya kwanza, ikabaki ya pili peke yake.

2. Maumivu. Mbwa mwenye kidonda, sikio bovu, jino bovu au mfupa uliovunjika aweza kumwuma hata bwana wake ampendaye, akiguswa penye uchungu. Mbwa mpole akibadilika ghafula, achunguzwe mwili kwanza kabla ya kulaumiwa.

3. Kulinda kilicho chake. Mbwa hulinda chakula, mfupa, mahali pa kulala, na mbwa jike hulinda watoto wake. Mbwa mwenye njaa hulinda chakula kwa ukali zaidi, kwa kuwa hajui atakula tena lini.

4. Kuchokozwa na kuzuiwa. Mbwa aonaye watu na wanyama wakipita mchana kutwa, naye hawezi kuwafikia wala kuwaepuka, hujaa hasira. Watoto wakimrushia mawe, hujifunza kwamba watoto ni adui. Siku afunguliwapo, hatachagua kati ya mtoto aliyemrushia jiwe na mtoto asiye na hatia.

5. Tamaa ya kufukuza. Katika asili yake mbwa ni mwindaji. Kitu kinachomkimbia humwamsha tamaa hiyo, kikiwa ni kuku, baiskeli, au mtoto akimbiaye huku akipiga kelele.

6. Mafundisho mabaya ya mwenyewe. Wako watu wanaompa mbwa pilipili, wanaomfungia gizani, au wanaomchochea awarukie wapita njia, wakidhani kwamba hivyo watapata mlinzi. Hawapati mlinzi. Wapata mnyama mwenye maumivu na hofu, asiyejua tofauti ya mwizi na mkunga aliyeitwa usiku kumsaidia mke wa mwenye nyumba.

7. Ugonjwa. Wa kutisha kupita yote ni kichaa cha mbwa, nasi tutaueleza peke yake.

MBWA HUSEMA KABLA YA KUUMA

Mbwa hana maneno, lakini ana lugha. Mwili wake husema, na ajuaye kuusoma ataonywa mapema.

Mwanzoni mbwa asiyeridhika hugeuza uso kando, hulamba midomo ingawa hakuna chakula, hupiga miayo ingawa hana usingizi, na weupe wa macho yake huonekana pembeni. Masikio hulala nyuma na mkia huingia katikati ya miguu. Maana yake ni, "Naogopa, tafadhali niondokee."

Asiposikilizwa, mwili hukakamaa kama ubao. Anakaza macho, manyoya ya shingoni na mgongoni yanasimama, midomo inapanda na meno yanaonekana. Hapo hunguruma. Maana yake ni, "Ukisogea tena nitauma." Baada ya hapo huenda akauma hewa, bila kugusa mwili, na hilo ni onyo la mwisho. Ndipo huuma.

Watu wengi hukosea juu ya mkia. Husema mbwa atikisaye mkia ni rafiki. Si sikuzote. Mkia utikiswao kwa ulegevu pamoja na mwili mzima huonyesha furaha. Lakini mkia uliosimama wima, ukitikisika kwa haraka na kwa ukakamavu, ni wa mbwa aliyeshikwa na msukosuko wa moyo, naye aweza kuuma.

Sasa twaweza kuelewa kosa la mzee wetu. Alimpiga Simba kwa sababu ya kunguruma. Mbwa hakuacha kuogopa. Aliacha kutoa habari tu. Ni kama mtu aonaye kengele ya hatari ikilia, akaenda kuikata kamba badala ya kutafuta hatari iko wapi. Kwa hiyo mbwa akinguruma, usimpige. Simama, rudi nyuma pole pole, kisha uulize nafsi yako: ameogopa nini? Auma wapi? Alinda kitu gani?

MTOTO UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO

Methali hii ya wazee wetu ni kweli kwa mbwa pia. Huko Marekani, katika mji wa Bar Harbor, wataalamu John Paul Scott na John Fuller walichunguza malezi ya mbwa kwa miaka mingi, wakatoa kitabu chao mwaka 1965. Katika jaribio moja lililofanywa mahali hapo na kutangazwa mwaka 1961, watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya viwanja vyenye ua mrefu, wasikaribiane na watu. Baadhi yao walitolewa kwa muda wa juma moja wakazoezwa na watu, kila kundi kwa umri wake. Wengine hawakutolewa mpaka walipofika majuma 14. Wale waliozoezwa mapema waliwapenda watu. Wale waliokaa mpaka majuma 14 walikuwa kama wanyama wa porini, wakawa vigumu mno kufugika.

Fundisho lake ni hili. Mlango wa moyo wa mbwa hufunguka tangu juma la tatu la maisha yake mpaka kama juma la kumi na mbili au la kumi na nne. Katika siku hizo ayaonayo kwa amani huyahesabu kuwa mambo ya kawaida. Asiyoyaona huyaogopa baadaye. Simba alikaa katika ghala lenye giza siku hizo zote. Kwa hiyo kila mgeni kwake ni jambo la kutisha.

Basi ukipata mtoto wa mbwa, fanya hivi:

Umchukue akiwa na majuma kama manane. Akitengwa na mama yake mapema mno hapati kufundishwa na nduguze jinsi ya kuzuia meno katika mchezo.

Mwonyeshe watu wa kila namna: wazee wenye mikongojo, wanawake waliobeba kuni, watoto, watu wenye kofia na miavuli, mbuzi, ng'ombe, baiskeli na magari. Yote hayo ayaone kwa utulivu, wala asilazimishwe akiogopa.

Mguse miguu, masikio na mdomo kwa upole kila siku, ili azoee kushikwa na daktari.

Akiuma mkono wako kwa mchezo, usimpige. Acha mchezo mara moja, ugeuke. Atajifunza kwamba meno huharibu mchezo.

KUMTUNZA MBWA MKUBWA

Huenda msomaji akasema, "Mbwa wangu amekwisha kukua. Nifanye nini?" Yako mengi ya kufanya.

Kwanza, chakula na maji. Mlishe kila siku kwa saa ile ile, mahali pa faragha, na watoto wasimkaribie alapo. Maji safi yawepo sikuzote.

Pili, mahali pa kukaa. Ua au kibanda cha nafasi ni bora kuliko mnyororo. Kama huna uwezo wa ua, funga waya mrefu kati ya miti miwili, na mnyororo wake uteleze juu ya waya huo, ili apate kutembea na kufika kivulini. Usimfunge kando ya njia wapitapo watu. Kila asubuhi tazama pete, kamba na lango, ukikumbuka kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, mwondolee wachokozi. Kuwakanya watoto wasirushe mawe ni kazi ya wazazi na walimu, lakini ni kazi ya mwenye mbwa pia kusema waziwazi jambo hilo lakomeshwa.

Nne, mfundishe kwa malipo mema. Chagua neno moja la kumwita na neno moja la kumketisha. Akitii, mpe kipande kidogo cha chakula na umsifu. Watu wote wa nyumbani watumie maneno yale yale. Fimbo humfanya mbwa aogope mkono wa mtu, na mbwa aogopaye mkono huishia kuuuma.

Tano, punguza hofu yake kidogo kidogo. Kama huwabwekea wageni, mwombe rafiki asimame mbali, mahali ambapo mbwa anamwona lakini bado ametulia. Mpe mbwa chakula kizuri wakati huo. Siku nyingine rafiki asogee hatua chache. Kazi hii yahitaji majuma mengi na subira. Mbwa atajifunza kwamba mgeni huja na heri, si na jiwe. Wala usiogope kwamba ataacha kulinda. Atabweka bado, maana kubweka ni kazi yake.

Sita, zungumza na daktari wa mifugo juu ya kumhasi. Dume aliyehasiwa hutangatanga na kupigana na madume wengine kidogo zaidi, na boma halijai watoto wa mbwa wasiotakiwa. Lakini kuhasi si dawa ya hofu. Malezi yahitajika vile vile.

Saba, mbwa aliyekwisha kuuma asiachwe huru penye watu. Akitolewa, ashikwe kamba na kufungwa kifungo cha mdomo, kile kinachomruhusu kuhema na kunywa. Na kama daktari wa mifugo aona kwamba mbwa ni wa hatari isiyozuilika, ni wajibu kumwachia daktari amwondoe kwa njia isiyo na mateso. Ni jambo la huzuni, lakini maisha ya mtu hutangulia.

Msomaji akumbuke pia kwamba sheria za Kenya zina Sura ya 360, inayokataza ukatili kwa wanyama, na Sura ya 365, inayohusu kichaa cha mbwa. Mwenye mbwa aweza pia kushtakiwa alipe madhara ambayo mbwa wake amemtenda mtu.

MAFUNDISHO KWA WATOTO

Kila mzazi na kila mwalimu awafundishe watoto maneno haya, wayarudie mpaka wayajue kwa moyo:

Usimguse mbwa alaye, alalaye, aliyefungwa, aliye mgonjwa, wala mwenye watoto.

Usitie mkono katikati ya ua au lango penye mbwa.

Usimguse mbwa wa mtu bila ruhusa ya mwenyewe.

Mbwa akikujia, usikimbie wala usipige yowe. Simama kama mti: mikono ubavuni, macho chini, kimya. Usimkazie macho. Akiondoka, rudi nyuma pole pole.

Akikuangusha, jikunje kama jiwe: uso chini, magoti tumboni, mikono ikifunika shingo na masikio.

Akikuuma au kukukwaruza, hata kidogo, mwambie mtu mzima siku ile ile. Hutapigwa.

Neno hili la mwisho lina uzito. Watoto wengi huficha jeraha kwa kuwa walikuwa wamekatazwa kupita njia ile au kuchezea mbwa yule. Mzazi akimtisha mtoto, mtoto atanyamaza, na kunyamaza kwaweza kumwua.

KICHAA CHA MBWA

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa ubongo unaoletwa na kijidudu kidogo sana, ambacho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini kwa njia ya jeraha. Kenya ugonjwa huu ulitambuliwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka 1912. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapata 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, hasa Afrika na Asia. Watu 99 katika kila 100 waliopatwa nao waliupata kwa mbwa, na kama 40 katika kila 100 ya walioumwa na wanyama wanaoshukiwa ni watoto walio chini ya miaka 15.

Mbwa mwenye kichaa hubadilika tabia. Aliye mpole huwa mkali, na aliye mkali au mwoga aweza kuwa mpole kwa namna ya ajabu. Wengine huuma kila kitu, hata mawe na miti. Wengine hukaa gizani wamelegea. Sauti hubadilika, mate hudondoka, taya huanguka, na kumeza humshinda. Kisha miguu hupooza, naye hufa katika siku chache. Mbwa wa namna hiyo asiguswe. Watu wajiepushe naye, na habari zipelekwe upesi kwa chifu na kwa ofisi ya mifugo.

Kwa mtu, dalili huanza mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, lakini yaweza kuwa juma moja au hata mwaka. Zikianza dalili, karibu hakuna aponaye. Hakuna dawa ya kutegemewa. Lakini kabla hazijaanza, kinga iko, nayo ni yenye nguvu. Tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumtibu Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto huyo akapona, akaishi mpaka utu uzima. Chanjo za siku hizi ni bora na salama kuliko ile.

UKIUMWA, FANYA HIVI

1. Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15. Usidharau jambo hili kwa sababu ni rahisi. Sabuni na maji huondoa na kuua sehemu kubwa ya vijidudu. Hii ndiyo sababu bibi wa kijiji alilia sabuni kwanza.

2. Usitie majivu, mafuta, pilipili, kahawa wala mizizi. Usikanyage wala kufinya jeraha. Kama iko dawa ya ayodini au spiriti, itie baada ya kuosha.

3. Nenda hospitali au zahanati siku ile ile, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Mganga atakupa chanjo, na jeraha likiwa baya atatia dawa nyingine ya kinga penye jeraha lenyewe. Pia atakukinga na pepopunda. Wazee hukumbuka habari za sindano nyingi za tumboni. Siku hizi sindano ni chache, nazo hupigwa mkononi karibu na bega. Zimalizeni zote kwa siku mlizopangiwa.

4. Mbwa asiuawe kwa hasira kama aweza kufungiwa mahali salama. Daktari wa mifugo amtazame kwa siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, yajulikana kwamba hakuwa na kichaa katika mate yake siku alipouma. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo ndipo aende hospitali. Aanze sindano mara moja.

5. Mchanje mbwa wako. Achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wataalamu wameona kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kabla ya mwisho wa mwaka 2030. Mpango huo hauwezi kufaulu kwa kazi ya ofisi peke yake; wahitaji kila mwenye mbwa amlete mbwa wake siku ya chanjo itangazwapo.

MWISHO WA MFANO WETU

Tumrudie mtoto wetu. Mkono na shavu vilioshwa, akapelekwa hospitali usiku ule, akapata sindano zake zote. Mzee alilipa nauli na gharama pasipo kuombwa, akaenda kwa jirani yake na kusema, "Ndugu yangu, mbwa aliuma, lakini aliyekosa ni mimi." Simba alitazamwa siku 10, akabaki mzima, akachanjwa na kuhasiwa. Leo anakaa ndani ya ua wa miti uliojengwa na majirani wote wawili. Hula kila siku. Hakuna jiwe linalorushwa. Na asikiapo nyayo usiku hubweka kwa nguvu, kisha hungoja sauti ya bwana wake.

Huyo ndiye mlinzi. Mlinzi mwema hutoa habari na kutii amri. Mnyama amwumaye kila ajaye hamlindi bwana wake. Amletea kesi, uadui na msiba. Basi ewe mwenye mbwa, usiulize tu, "Je, mbwa wangu ni mkali?" Uliza kwanza, "Je, nimemtendea nini hata akawa hivyo?"

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu nne zinazomfanya mbwa aume.
2. Kwa nini si vema kumpiga mbwa anayenguruma?
3. Mtoto afanye nini mbwa akimjia mbio?
4. Jeraha la mbwa lioshwe kwa kitu gani, na kwa muda gani?
5. Je, mbwa wa nyumbani kwako alichanjwa lini? Kama hukumbuki, mwulize daktari wa mifugo juma hili.